Redio Ikizibwa na GPS Ikipotea Ziwani: Kutenganisha Hitilafu, Hali ya Anga na Uvurugaji wa Makusudi

Mwongozo huu ni wa watu wa Kigoma ambao kazi yao haiendi bila mawimbi: manahodha wa boti zinazovuka kwenda Kalemie au kupanda kuelekea Bujumbura, waendeshaji wa redio katika ofisi zinazohudumia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, askari wa hifadhi za Gombe na Mahale, na mafundi wanaoamshwa usiku redio inaponyamaza. Tangu mapigano ya mashariki mwa Kongo yapambe moto, kila kelele ya redio na kila GPS inayokwenda kombo imeanza kuelezwa kwa maneno mamoja, kwamba "wanatuzibia mawimbi". Maelezo hayo ni ya kweli mara chache sana. Hata hivyo vita vya kielektroniki vipo, wala haviko mbali: mwaka 2024 Umoja wa Mataifa uliripoti kwamba GPS ilikuwa ikivurugwa na kudanganywa katika eneo la Kivu Kaskazini. Kwa sababu hiyo mtu hawezi kulipuuza jambo hili, wala hapaswi kulikimbilia kabla ya kuchunguza.

Uchunguzi unaopendekezwa hapa unaanzia mkononi na kutoka nje hatua kwa hatua: redio yenyewe, nyaya zake, chombo ulichomo, majirani, anga, na mwisho kabisa adui. Majeshi nayo huwafundisha waendeshaji wao kwa mpangilio unaofanana na huu, kwa maana mwendeshaji anayeripoti adui kumbe ni kiunganishi kilichoingia maji hataaminiwa siku adui atakapokuja kweli, na anayehama masafa bila sababu huwapoteza wenzake kabla mtu yeyote hajawagusa.

Kelele nzito imefunika chaneli zote

Chomoa waya wa antena nyuma ya redio, kisha usikilize. Usiguse kitufe cha kusemea wakati huo, kwani kurusha mawimbi bila antena kunaweza kuunguza sehemu ya mwisho ya kukuza nguvu. Kelele ikibaki vilevile, chanzo kimo ndani ya redio au kinapita kwenye waya wa umeme. Ikitoweka au ikipungua sana, inaingia kwa njia ya antena. Jaribio hili halimalizi dakika moja na ndilo linalogawa tatizo mara mbili, lakini ni nadra kumkuta mtu amelifanya kabla ya kumpigia fundi simu.

Kelele inayobaki baada ya antena kuchomolewa hutafutwa kwa kuzima vifaa kimoja kimoja, hadi redio ibaki peke yake na betri. Inveta za bei nafuu, chaja za simu na vidhibiti vya sola ndivyo watuhumiwa wa kwanza. Saa za tatizo husaidia sana: kelele inayoanza jua likipanda na kukoma jua likizama haina uhusiano wowote na jeshi la nchi yoyote, inatoka kwenye kidhibiti cha sola. Mlio unaopanda na kushuka pamoja na mwendo wa injini unatoka kwenye plagi au kwenye mtambo wa kuchajia betri, na ngurumo ya chini isiyobadilika, inayosikika kila umeme unapokuwepo, inatoka kwenye nyaya za umeme au kwenye kifaa cha jirani.

Taa nazo zinahitaji kutajwa peke yake. Mwaka 2018 Walinzi wa Pwani wa Marekani walitoa tahadhari kwamba baadhi ya taa za LED zinazofungwa kwenye vyombo vya majini huvuruga redio za VHF, zile za mawasiliano ya karibu kati ya vyombo, na mfumo wa AIS wa kutambulisha meli. Katika ziwa letu, ambako taa za betri na sola zimechukua nafasi ya karabai katika uvuvi wa dagaa, boti moja yaweza kubeba taa nyingi ambazo saketi zake hazikuzibwa kabisa. Kulipima jambo hili ni rahisi. Chagua chaneli isiyotumika, zungusha kitufe cha kuziba kelele hadi ukimya uanze tu, kisha washa taa. Kelele ikirudi, ujue taa hizo zinakupunguzia umbali wa kusikia kila usiku, na kwamba ujumbe wa dharura kwenye chaneli ya 16, yaani megahezi 156.8, unaweza kukupita usijue. Dawa ni kuitenganisha antena na nyaya za taa, kufunga vizuizi vya feraiti kwenye nyaya hizo, au kubadili taa.

Ikiwa kelele inaingia kwa antena na vyombo vyako vyote vimezimwa, bado usiseme neno uvurugaji. Waulize waliotia nanga kando yako. Kinachosikika Kibirizi na kutosikika Ujiji kiko karibu nawe, na pengine kimo katika boti ya pili.

Chaneli imeshikwa lakini hakuna anayezungumza

Mara nyingi kitufe cha kusemea cha mtu fulani kimenasa, au kipaza sauti kimekaliwa. Dalili yake ni mawimbi yasiyo na maneno, yakiambatana na mngurumo wa injini, maji yanayopiga ubavuni, au watu wanaozungumza habari zao. Katika redio za FM kituo chenye nguvu zaidi humeza kilicho dhaifu, kwa hiyo boti moja yenye kitufe kilichonasa inaweza kuwanyamazisha wote walio jirani nayo bila yeye mwenyewe kujua, kwa kuwa redio inayorusha haisikii.

Hapa ndipo inapofaa kueleza mvurugaji halisi hufanya nini. Yeye hakishambulii kitumaji chako. Anashambulia kipokezi cha yule anayekusikiliza, kwa kumpelekea nguvu kubwa kuliko yako. Anaweza kutumia kelele tupu, milio inayopanda ngazi, muziki au sauti zilizorekodiwa, au mawimbi matupu yasiyo na sauti yoyote. Njia hii ya mwisho ndiyo ya hila zaidi, kwa sababu inafanana kabisa na kitufe kilichonasa na huweza kuchukua muda mrefu kabla ya kutiliwa shaka. Anaweza kuielekeza nguvu yake yote kwenye chaneli moja, kuitawanya kwenye masafa mengi kwa wakati mmoja huku kila chaneli ikipata kidogo, au kupita chaneli moja baada ya nyingine kwa kasi.

Kipimo cha kuwatenganisha ni kuhama. Nendeni kwenye chaneli ya akiba mliyokubaliana mkiwa nchi kavu, bila kutaja namba yake hewani. Kitufe kilichonasa kitabaki kilipo. Kelele ikiwafuata huko baada ya muda mfupi, na mkihama tena ikawafuata tena, basi kuna mtu anayesikiliza na kuwaandama, na hiyo ni dalili nzito kuliko ukali wa kelele. Jambo moja ambalo wanajeshi hulisisitiza linawafaa raia pia: msitangaze hewani kwamba mmezibwa. Mvurugaji kwa kawaida hana njia ya kujua kama amefanikiwa, na mtu anayelalamika kwenye chaneli ndiye anayempa jibu.

Sauti za lugha msizozitarajia ni jambo jingine kabisa. Katika miezi ya kiangazi hewa yenye joto inaweza kulala juu ya hewa baridi iliyo usawa wa maji, nayo hali hiyo huyapinda mawimbi ya VHF na kuyafikisha mbali kuliko kawaida. Ukisikia kituo cha ng'ambo kikizungumza Kifaransa alfajiri, na jua likishapanda kikapotea, umesikia hali ya hewa. Lakini sauti ngeni ikianza kutoa maagizo kwa jina la kituo chenu, mtakeni athibitishe kwa neno la siri lililopangwa kabla, na asipoweza msimfuate.

Redio ya upepo inapotea kwa saa fulani

Redio za upepo, yaani za HF, hutegemea ionosfea, tabaka za juu sana za anga zenye chaji ya umeme, nayo hubadilika na jua. Mchana tabaka la chini hunyonya masafa madogo, kwa hiyo masafa makubwa hufaa mchana na madogo usiku. Anayeng'ang'ania masafa mamoja saa ishirini na nne atapoteza mawasiliano kila siku kwa saa zilezile, na hiyo ratiba ndiyo inayomwondolea adui lawama.

Ikiwa Kasulu haisikiki wakati Dar es Salaam inasikika vizuri, mawimbi yanapaa na kuruka juu ya jirani. Tumia antena ya waya iliyolazwa chini kiasi badala ya fimbo iliyosimama, na ushuke kwenye masafa madogo, ili mawimbi yapande karibu wima na kurudi chini karibu.

Tukio la ghafla linalotisha zaidi ni mlipuko wa jua. Mchana, mawasiliano ya HF yanaweza kukatika kwa dakika kadhaa au saa moja na zaidi, yakianzia masafa madogo. Tofauti yake na uvurugaji inasikika kwa sikio, na ajabu ni kwamba watu wengi hawaijui: mlipuko wa jua huifanya redio iwe kimya kuliko kawaida, kwa sababu hata radi za mbali zinazoleta mchakacho wa kila siku zimenyonywa, ilhali mvurugaji huijaza redio kelele. Mnamo Mei 2024 dunia ilipata dhoruba ya jua ya daraja la juu kabisa, jua likiwa katika kipindi cha shughuli nyingi, kwa hiyo matukio haya si ya kushangaza.

GPS inapotea, inaruka au inadanganya

Hapa ndipo shutuma nyingi huanzia, na kuna sababu ya kiufundi. Setilaiti za GPS ziko takriban kilomita 20,200 juu yetu, na mawimbi yake ya megahezi 1575.42 yanapofika kwenye boti huwa na nguvu inayokaribia sehemu moja ya trilioni kumi ya miliwati. Kitu dhaifu kiasi hicho huzibwa kwa urahisi mno. Katika bandari ya Moss Landing, California, mwaka 2001, GPS ilipotea kwa vyombo vilivyokuwamo na hata nje ya bandari, na uchunguzi wa miezi kadhaa ulifikia antena za televisheni zenye vikuza nguvu vilivyokuwa vikirusha mawimbi yasiyotakiwa. Wenye antena hizo walikuwa wakitazama televisheni tu.

Kwa hiyo anza na hitilafu ambazo hazina hata mvurugaji. Kama mahali unapoonyeshwa kunapishana na ramani kwa takriban mita 300, kila siku kiasi kilekile na upande uleule, chanzo ni ramani. Ramani za zamani za Tanzania zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, wakati GPS hutumia WGS 84; badilisha mpangilio kwenye kifaa na tofauti itaisha. Kama mahali ni sahihi lakini tarehe imerudi nyuma karibu miaka 20, kifaa ni cha zamani na hesabu yake ya wiki imeanza upya. GPS huhesabu wiki 1,024 kisha hurudi sifuri, na mara ya mwisho ilifanya hivyo tarehe 6 Aprili 2019. Na kama ni simu ambayo saa yake imerudi nyuma saa moja ukiwa katikati ya ziwa au karibu na mpaka wa Burundi, imeshika mtandao wa upande wa pili, ambako saa ni moja nyuma ya yetu.

Baada ya hapo liangalie anga. Kigoma imekaa vibaya katika jambo hili. Ikweta ya sumaku barani Afrika inapita kaskazini mwetu, kwenye latitudo ya Ethiopia, na kwa kila upande wa ikweta hiyo, umbali wa digrii kama 15, ionosfea hujilimbikiza na kuwa nzito. Ukanda wa kusini wa mlimbikizo huo unapita juu ya Tanzania. Baada ya jua kuzama hewa hiyo hujaa mapovu na mikwaruzo inayoyafanya mawimbi ya setilaiti yapepee, hasa karibu na Machi na Septemba na hasa katika miaka ya jua kali. Dalili zake ni hizi: setilaiti moja moja zinapotea na kurudi, nyingine zikibaki imara, tatizo linaanza kama saa moja au mbili baada ya jua kuzama na kupungua kuelekea usiku wa manane, na mtu wa Tabora au Mpanda anaweza kulalamika usiku huohuo. Mvurugaji wa ardhini hawezi kuyafanya hayo yote pamoja.

Uvurugaji wa GPS una sura yake. Fungua ukurasa wa setilaiti kwenye kifaa, au programu ya simu inayoonyesha nguvu ya kila moja. Katika hali nzuri setilaiti za utosini husoma kati ya desibeli 40 na 50, na za pembeni huwa chini zaidi. Kelele inapomwagwa juu ya masafa hayo, zote hushuka pamoja, za utosini kwa za pembeni, na Galileo ya Ulaya inayotumia masafa yaleyale huanguka na GPS kwa mkupuo mmoja, huku GLONASS ya Urusi, iliyo kwenye masafa ya jirani, ikiweza kudumu zaidi ikiwa kelele ni nyembamba. Jikinge kwa mwili wako: shika kifaa kifuani na ugeuke polepole. Ukipata upande ambao ukiupa mgongo setilaiti zinarudi, umeshajua kelele inatoka upande gani, na ukirudia hivyo ukiwa Ujiji na ukiwa Kibirizi mistari miwili itakatana karibu na chanzo.

Udanganyaji ni tofauti, nao ni hatari zaidi kwa sababu kifaa hakilalamiki. Setilaiti zote huonekana zenye nguvu nzuri, tena karibu sawasawa kama zimepangwa, kwa kuwa zote zinatoka kwenye antena moja ya ardhini. Mahali hurukia mbali ghafla au huhama polepole. Juni 2017 meli kadhaa zilizokuwa Bahari Nyeusi karibu na Novorossiysk ziliona vifaa vyao vikisema ziko uwanja wa ndege wa Gelendzhik. Nahodha mwenye dira, mwenye kumbukumbu ya saa na kasi, na anayeijua milima ya pwani yake, huona uongo wa namna hiyo mara moja. Asiye na vitu hivyo huufuata.

Sasa swali ambalo kila mtu anauliza: je, vifaa vya vita vya Kivu vinaweza kutufikia? Mawimbi ya GPS husafiri kwa mstari ulionyooka, na hata kifaa kilichosimikwa kwenye kilima chenye mita 1,000 juu ya maji kinaonana na antena ya boti yenye kimo cha mita tatu kwa umbali wa kilomita 137 hivi. Goma iko takriban kilomita 350 kutoka Kigoma, na kati yake kuna milima. Boti ya Kibirizi haifikiwi kutoka huko. Ndege iliyo mita 11,000 juu ya vichwa vyetu ina habari nyingine, kwa maana upeo wake unazidi kilomita 400, na rubani anaweza kupoteza GPS hapo juu wakati ya mvuvi aliye chini yake haitikisiki. Kwa hiyo taarifa mbili zinazopingana, ya uwanja wa ndege na ya gati, zinaweza kuwa kweli zote mbili.

Simu inapokea ujumbe wa ajabu

Katika vita vya Ukraine mfumo wa Urusi uitwao Leer-3 hutumia droni kuigiza mnara wa simu na kuwatumia askari ujumbe. Kigoma, ujumbe kutoka namba ngeni ni utapeli wa pesa hadi ithibitike vinginevyo.

Nini kiandikwe

Taarifa yenye manufaa ina saa ya kuanza na kuisha, masafa au chaneli, sauti ya kelele kwa maneno ya kawaida, matokeo ya kuchomoa antena, upande inakotoka, na nani mwingine ameathirika. Bila hilo la antena taarifa ina thamani ndogo. Masafa nchini yanasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kwa mujibu wa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na usalama wa vyombo vya majini uko chini ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC); huko ndiko pa kuipeleka, kwa simu au kwa maandishi.

Tatizo lisilo na dalili

Watu huuliza pia namna ya kujua kama redio inasikilizwa. Wanaamini kwamba mwangwi, mkatiko au mlio mdogo ni alama ya mpelelezi. Kwa redio, hakuna alama. Kipokezi kinachosikiliza hakiongezi wala kupunguza chochote katika mawimbi yako, na ndiyo maana wanaofanya ujasusi wa mawimbi mara nyingi hupendelea chaneli ya adui ibaki wazi kuliko kuizima. Hata maneno yakifichwa kwa msimbo, msikilizaji hupata mahali unaporushia, saa zako, na nani humjibu nani. Dzhokhar Dudayev, kiongozi wa Chechnya, aliuawa Aprili 1996 akiwa kwenye simu ya setilaiti. Baada ya shambulio lililowaua askari wa Urusi huko Makiivka, mashariki mwa Ukraine, tarehe 1 Januari 2023, wizara ya ulinzi ya Urusi yenyewe ililaumu matumizi ya simu za mkononi ya askari wake.

Anayesafirisha watu au dawa karibu na eneo la mapigano afanye hivi: atumie nguvu ndogo inayotosha kufika, aseme kwa ufupi, asitaje hewani majina ya abiria wala saa ya kutia nanga, abadili saa za kuita vituo badala ya kuita kila siku saa moja kamili, na azime kabisa kile asichokitumia.